Kufuli Hulinda Data: Mwongozo wa Kuilinda Data ya Pamoja Ndani ya Kerneli

Chukua mstari mmoja wa C ndani ya draiva, yaani programu inayoendesha kifaa: `k->idadi++`. Kwa jicho ni tendo moja. Kwa mashine ni matatu: soma thamani kutoka kwenye kumbukumbu, ongeza moja, irudishe ilikotoka. Prosesa mbili zikiufikia mstari huo kwa pamoja wakati idadi ni 7, zote zinaweza kusoma 7 na zote zikaandika 8. Vifurushi viwili vimeingia, hesabu imepanda kwa moja. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Madhara yataonekana siku nyingine, kwenye msimbo mwingine, na mtu mwingine ndiye atakayekesha akiyatafuta.

Ndiyo maana nalichukulia suala hili kwa uzito. Programu ya kawaida ikiharibika, mfumo huiua na wengine wakaendelea. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiharibu data yake, hakuna aliye juu yake wa kuiokoa.

Nitatumia majina ya Linux, kwa kuwa msimbo wake mtu yeyote anaweza kuufungua na kuusoma. Kwenye kerneli nyingine majina yatabadilika, ila hoja zitabaki zilezile. Mfano wetu ni draiva ya kifaa kinachopokea vifurushi: katizo la kifaa (ishara inayoisimamisha prosesa kwa muda ili imhudumie kifaa) huviweka kwenye foleni, mchakato wa mtumiaji huvisoma, mchakato mwingine hubadilisha mipangilio, na kipima muda huangalia kama kifaa bado kiko hai.

Hatua ya 1: Andika data yako, na wote wanaoigusa

Usianze na makufuli, yaani vizuizi vinavyomruhusu mmoja tu kuigusa data kwa wakati mmoja. Anza na karatasi. Kwa kila sehemu ya muundo wako wa data, andika nani anaisoma, nani anaiandika, na kila mmoja anatokea wapi: mchakato ulioingia kerneli kwa wito wa mfumo, uzi wa kerneli, kazi iliyoahirishwa, softirq (sehemu ya kazi ya katizo inayofanywa baadaye kidogo), au katizo la kifaa. Pembeni ya kila jina jibu maswali mawili: huyu anaruhusiwa kulala, yaani kuachia prosesa na kusubiri? Na nani anaweza kumkatiza akiwa katikati ya kazi?

Kwa draiva yetu karatasi inasema hivi. Foleni na idadi: katizo huongeza, mchakato hupunguza. Kasi na hali ya kifaa: michakato pekee. Wakati wa mwisho kifaa kilipoonekana: katizo huandika, kipima muda husoma. Namba ya kifaa: iliwekwa mara moja mwanzoni na haiguswi tena.

Karatasi hiyo peke yake inamaliza karibu nusu ya kazi. Namba ya kifaa haihitaji ulinzi wowote, kwa sababu data isiyobadilika husomwa na yeyote bila madhara. Vigeu vilivyo kwenye staki ya funksheni pia ni vya mwenyewe, mradi tu hujampa mtu mwingine kielekezi chake, yaani anwani yake kwenye kumbukumbu.

Usijifariji kwa kuwa mashine yako ina prosesa moja. Katizo huingia katikati ya mchakato hata kwenye prosesa moja, na tangu Linux 2.6 ya mwaka 2003 kerneli inaweza kujengwa kwa namna ambayo mchakato unanyang'anywa prosesa hata ukiwa ndani ya kerneli kwenyewe.

Kuna kosa moja la mpangilio ambalo huwapata hata wazoefu: kuita `request_irq`, inayoiandikisha draiva ipokee makatizo, kabla ya kuandaa foleni na kufuli lake. Katizo linaweza kufika hata kabla wito huo haujarudi. Kitu ambacho hujakitangaza ni chako peke yako; ukishakitangaza, ni cha wote. Kwa hiyo andaa kila kitu kwanza, makufuli yakiwemo, halafu ndipo ujiandikishe.

Hatua ya 2: Punguza kinachoshirikiwa

Kabla ya kulinda, uliza kama kuna haja ya kushirikiana. Kihesabu cha takwimu, kwa mfano, kinaweza kugawiwa kila prosesa na chake, ukajumlisha pale tu mtu anapouliza. Linux ina vigeu vya namna hiyo na operesheni kama `this_cpu_inc`. Faida yake si usalama tu. Prosesa nyingi zikiandika kwenye mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), ambao kwenye mashine za x86 ni baiti 64, mstari huo hurushwa huku na huku kati ya prosesa na kila moja inabaki kuusubiri. Hilo hutokea hata kama vigeu ni tofauti, ilimradi vimelala kwenye mstari uleule.

Hatua ya 3: Lipe kila fungu la data kufuli lake, na uliandike

Kufuli halilindi funksheni wala mistari ya msimbo. Linalinda data. Ukisema "nimefunga funksheni hii", hujasema lolote, kwa sababu funksheni nyingine inaweza kuigusa data ileile kupitia mlango mwingine. Sema "idadi haiguswi ila kufuli hili likiwa mkononi", na sharti hilo liishi ndani ya muundo wenyewe:

```
struct kifaa {
    spinlock_t kufuli_foleni; /* hulinda foleni na idadi */
    struct list_head foleni;
    unsigned int idadi;

    struct mutex kufuli_mipangilio; /* Hulinda kasi na hali */
    u32 kasi;
    int hali;

    unsigned long mara_ya_mwisho; /* Bila kufuli: soma Hatua ya 8 */
    int namba; /* haibadiliki baada ya kuandaliwa */
};
```

Maelezo hayo mafupi yana thamani kuliko yanavyoonekana. Linux ilipoanza kutumia prosesa nyingi katika toleo 2.0 mwaka 1996, kerneli nzima ililindwa na kufuli moja kubwa. Lilifanya kazi. Tatizo lilikuja lilipotakiwa kuondolewa: kila aliyelitumia alikuwa amefunga msimbo, na mara nyingi hapakuwa na maandishi ya kueleza ni data ipi iliyokuwa ikilindwa pale. Waliolisafisha walilazimika kupita mfumo mdogo mmoja baada ya mwingine, wakiuliza swali lilelile. Kufuli hilo liliondoka katika toleo 2.6.39, mwaka 2011. Miaka kumi na mitano.

Katika funksheni zinazotegemea kufuli lililofungwa na aliyeziita, weka `lockdep_assert_held`. Hayo ni maelezo ambayo mashine yenyewe huyakagua.

Hatua ya 4: Chagua aina ya kufuli kwa kuangalia nani anamkatiza nani

Aina kuu ni mbili. Kwenye kufuli la kulala, yaani `mutex`, anayesubiri huachia prosesa na kulala hadi aamshwe. Kwenye kufuli la kuzunguka, yaani `spinlock_t`, anayesubiri hubaki palepale akizunguka na kuuliza "tayari?" hadi apate. La kwanza linafaa pale ambapo wote wanaoigusa data wanaruhusiwa kulala. La pili ni la lazima pale ambapo hata mmoja wao haruhusiwi.

Kasi na hali huguswa na michakato pekee: mutex inatosha, na kubadilisha mipangilio ya kifaa mara nyingi huhitaji kusubiri kifaa kijibu, jambo lisilofaa ukiwa na kufuli la kuzunguka.

Foleni ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Katizo haliruhusiwi kulala, kwa hiyo kufuli lazima liwe la kuzunguka. Lakini kulifunga kwa `spin_lock` ya kawaida upande wa mchakato hakutoshi. Fikiria mchakato umelifunga kufuli, na katizo likaingia kwenye prosesa ileile. Katizo linataka kufuli hilohilo. Linazunguka kumsubiri mwenye kufuli, na mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka katizo liishe. Huo ni mkwamo, na prosesa hiyo haitoki hapo.

Dawa yake ni kuzima makatizo ya prosesa hiyo kwa muda wote ambao mchakato umeshika kufuli: tumia `spin_lock_irqsave`, ambayo pia hukumbuka hali ya makatizo ilivyokuwa mwanzoni ili irudishwe vilevile. Ndani ya katizo lenyewe `spin_lock` inatosha iwapo kufuli halitumiwi na katizo jingine. Kama mwenzako ni softirq na si katizo la kifaa, `spin_lock_bh` ndiyo nyepesi zaidi. Na makatizo yasiyozuilika, NMI, hayazimwi na lolote kati ya hayo. Usishike kufuli la kawaida ukiwa ndani yake.

Ukiwa umeshika kufuli la kuzunguka usifanye lolote linaloweza kulala. `msleep` inajulikana. Wasiokumbukwa haraka ni hawa: `mutex_lock`, `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL`, ambayo inaweza kusubiri kumbukumbu ipatikane, na `copy_to_user`, ambayo inaweza kusababisha ukurasa uletwe kutoka diski. Sheria hii inawahusu hata wanaotumia kerneli za wakati halisi, zilizoingia rasmi kwenye Linux 6.12 mwaka 2024. Humo `spinlock_t` inageuka kuwa ya kulala na `raw_spinlock_t` pekee ndiyo hubaki kuzunguka, lakini msimbo wako utajengwa kwa namna zote mbili.

Hatua ya 5: Ifupishe sehemu iliyofungwa, ila usiikate vipande

Mchakato wetu unataka vifurushi vyote, na kuvikabidhi kwa mtumiaji kunahitaji `copy_to_user`. Kufuli ni la kuzunguka. Wengine hufunga na kufungua kwa kila kifurushi. Kuna njia safi zaidi: hamisha foleni yote kwenye mkoba wako, fungua, kisha ufanye kazi kwa utulivu.

```
LIST_HEAD(mkoba);
unsigned long bendera;

spin_lock_irqsave(&k->kufuli_foleni, bendera);
list_splice_init(&k->foleni, &mkoba);
k->idadi = 0;
spin_unlock_irqrestore(&k->kufuli_foleni, bendera);

/* mkoba ni wetu peke yetu. Kulala ni ruhusa */
```

Kuhamisha orodha ni kubadilisha vielekezi vichache tu, iwe ina vifurushi viwili au elfu mbili. Mbinu hii ndiyo ninayoikimbilia kwanza kila ninapoona kazi nzito ndani ya kufuli.

Angalia pia kwamba foleni na idadi vimebadilishwa ndani ya mfungo mmoja. Ungefungua katikati, mtu angeona foleni tupu yenye idadi ya 12. Pima sehemu iliyofungwa kwa ukweli unaotaka ubaki ukweli, na hapa ukweli ni kwamba idadi hulingana na foleni. Ukishafungua, kila ulichokiona ndani ni habari ya jana.

Kosa kubwa katika kundi hili ni kukagua ndani ya mfungo mmoja na kutenda ndani ya mwingine. Ulinzi wa kufuli upo mara zote mbili, na bado kuna pengo katikati. Hitilafu iliyopewa jina Dirty COW, CVE-2016-5195, ilikuwa ya ukoo huu. Mchakato ulipotaka kuandika kwenye ukurasa wa kusomwa tu, kerneli ilitengeneza nakala ya binafsi kwanza, halafu ikaendelea kuandika. Kati ya matendo hayo mawili, uzi mwingine uliweza kuitupa nakala ile, na maandishi yakaangukia ukurasa halisi wa faili ambalo mtumiaji hakuwa na ruhusa ya kuliandika. Pengo hilo lilikuwepo tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007, likazibwa Oktoba 2016.

Kwa hiyo ukilazimika kufungua katikati, kagua upya baada ya kufunga tena, kana kwamba hukuwahi kukagua.

Hatua ya 6: Panga mfuatano wa makufuli

Funksheni moja inafunga A kisha B. Nyingine inafunga B kisha A. Siku funksheni hizo mbili zikikutana, kila moja itashika la kwanza na kusubiri la pili milele. Amua mfuatano mmoja, uandike juu ya faili, na usiuvunje hata mara moja. Kwetu: mipangilio kwanza, foleni baadaye. Kinyume chake hakiwezekani hata hivyo, maana mutex haifungwi ndani ya kufuli la kuzunguka.

Vitu viwili vya aina moja vinahitaji kanuni pia. Ukihamisha vifurushi kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, yapange makufuli kwa anwani za kumbukumbu: funga kwanza lile lenye anwani ndogo, na kwa la pili tumia `spin_lock_nested` au dada zake, ili mkaguzi wa makufuli, utakayemkuta Hatua ya 9, ajue umekusudia.

Mikwamo mingine haionekani kwenye faili lako. Ukiita funksheni ya mtu mwingine huku umeshika kufuli, hujui yeye anafunga nini. Ni afadhali kufungua kwanza ndipo umwite.

Hatua ya 7: Hakikisha kitu kiko hai unapokigusa

Kufuli lililo ndani ya kitu haliwezi kukilinda kisifutwe, kwa kuwa litafutwa pamoja nacho. Funksheni inayotafuta kitu kwenye orodha, ikafungua kufuli na kurudisha kielekezi tu, imekupa anwani ya nyumba ambayo huenda imeshabomolewa.

Weka hesabu ya wanaokitumia. Anayekitafuta aiongeze akiwa bado ameshika kufuli la orodha, akimaliza aipunguze, anayeifikisha sifuri ndiye anayefuta. Tumia `refcount_t`, iliyoingia katika toleo 4.11 mwaka 2017, badala ya `atomic_t` tupu. Hesabu ikipanda kupita kiasi, `refcount_t` hukwama juu makusudi badala ya kuzunguka hadi sifuri. Kuvuja kwa kumbukumbu ni kubaya, lakini kutumia kumbukumbu iliyokwisha kufutwa ni mlango wa mshambuliaji.

Kung'oa draiva kunastahili umakini uleule wa kuiwasha. Zuia kazi mpya kuingia, ita `free_irq`, simamisha kipima muda na kazi zilizoahirishwa kwa zile funksheni zinazosubiri hadi iliyo njiani iishe, mfano `cancel_work_sync`, na mwisho kabisa futa muundo. Usiite `cancel_work_sync` ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi hiyo inalihitaji: wewe unaisubiri iishe, yenyewe inakusubiri ufungue. Mkwamo huu nimeuona mara nyingi kuliko ule wa A na B, kwa sababu ukitazama msimbo unaona kufuli moja tu.

Hatua ya 8: Wasomaji wakiwa wengi mno, au kufuli likiwa ghali

Fika hapa baada ya kupima, si kabla.

Data inayosomwa mfululizo na kubadilishwa kwa nadra, kama jedwali la njia za mtandao, inafaa RCU (Read-Copy-Update, yaani soma, nakili, badilisha), iliyoingia Linux mwaka 2002 wakati wa matoleo ya 2.5. Msomaji hafungi chochote: anataja kwamba ameanza kwa `rcu_read_lock`, anachukua kielekezi kwa `rcu_dereference`, anasoma, anataja kwamba amemaliza. Mwandishi haigusi data iliyopo. Anatengeneza nakala, anairekebisha, kisha anageuza kielekezi kwa `rcu_assign_pointer`. Waliokwisha kuingia wanaendelea na nakala ya zamani, wanaoingia sasa wanaiona mpya, na ya zamani inafutwa tu baada ya wa mwisho kati ya wale wa awali kutoka. `kfree_rcu` hukufanyia hilo bila wewe kusubiri. Mambo mawili husahaulika: waandishi bado wanahitaji kufuli kati yao wenyewe, na msomaji anaweza kuona habari ya zamani kidogo. Kama data yako haivumilii hilo, RCU si yako.

Sasa turudi kwenye `mara_ya_mwisho`, ambayo haina kufuli. Ni neno moja la kumbukumbu, lina mwandishi mmoja, na msomaji anaridhika na thamani yoyote ya karibuni. Hata hivyo, usiiache tupu. Kompaila haijui kwamba kuna mwingine anayeiandika. Inaweza kuisoma mara moja nje ya kitanzi na kutoirudia tena, au kuisoma mara mbili pale ulipoandika mara moja. Andika kwa `WRITE_ONCE`, soma kwa `READ_ONCE`.

Hizo mbili hazipangi mfuatano kati ya vigeu tofauti. Ukijaza bafa halafu ukainua bendera ya "tayari", prosesa ya ARM inaweza kuwaonyesha wengine bendera kabla ya yaliyomo. Inua bendera kwa `smp_store_release`, na anayeisubiri aisome kwa `smp_load_acquire`. Lazima ziwe jozi, moja peke yake haina kazi. Prosesa za x86 haziruhusu maandishi mawili kupitana namna hiyo, kwa hiyo msimbo mbovu unaweza kukaa humo miaka bila dosari, ukaanguka siku ya kwanza ya kuhamishiwa ARM. Kufunga na kufungua kufuli hukufanyia mpangilio huu wote bila wewe kuuwazia, nami nitachagua kufuli kila ninapoweza kulimudu.

Hatua ya 9: Ilazimishe kasoro ijitokeze mezani kwako

Jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING`. Hiyo huwasha mkaguzi aitwaye lockdep, aliyeingia toleo 2.6.18 mwaka 2006. Hasubiri mkwamo utokee. Hukumbuka mfuatano wa kila kufuli lililowahi kufungwa, na akiona A kisha B leo asubuhi na B kisha A jioni, anapiga kelele hata kama hazikuwahi kukutana. Hugundua pia kufuli linalotumika ndani ya katizo lakini likafungwa kwingine bila kuzima makatizo, yaani lile kosa la Hatua ya 4. Sharti lake ni kwamba njia zote mbili ziwe zimepitiwa walau mara moja, hivyo majaribio yako yafike hata kwenye njia za makosa na za kung'oa draiva.

Ongeza `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` kwa wanaolala mahali pasiporuhusiwa. Kisha endesha `CONFIG_KCSAN`, iliyoingia toleo 5.8 mwaka 2020: huweka mtego kwenye anwani ya kumbukumbu, husubiri kidogo, na kuangalia kama kuna mwingine aliyeigusa bila utaratibu. Hufanya mfumo uwe mzito, kwa hiyo ipe muda. Ukishuku pengo fulani, lipanue mwenyewe kwa kuweka `udelay` katikati yake, halafu ugonge kifaa kutoka prosesa zote kwa pamoja huku ukikiwasha na kukizima. Rudia kwenye mashine ya ARM ukiweza kuipata.

Ripoti ya KCSAN ikitaja sehemu ya muundo wako, usikimbilie kuizima kwa kuiwekea `READ_ONCE`. Itafute kwanza kwenye karatasi ya Hatua ya 1. Kama haimo, au imo lakini yule aliyetajwa kwenye ripoti hayumo kati ya wanaoigusa, sahihisha karatasi na maelezo yaliyo juu ya kufuli kabla ya kugusa msimbo.